Magurudumu ya Cherehani

Katika cherehani tuliyoizoea sisi, sindano hukaa mahali pamoja na kitambaa ndicho kinachokwenda. Meno madogo yaliyo chini ya mguu wake hukisukuma kitambaa nyuma kidogo kidogo, na fundi hukiongoza kwa viganja. Baba yangu aliifanya kazi hiyo barazani, Ngamiani, mjini Tanga, kwa miaka zaidi ya arobaini, na mimi nilikua nikidhani kuwa hakuna cherehani ya namna nyingine. Nilikuwa mtu mzima mwenye shahada ya udaktari nilipoiona kwa mara ya kwanza cherehani inayotembea.

Nafundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Indiana, nchini Marekani. Katika mwaka wa pili wa ukaaji wangu huko, bibi mmoja jirani, mjane, aliniona nimeketi ukumbini nikishona kifungo cha koti. Alisimama, akautazama mkono wangu kwa muda, kisha akaniuliza ni nani aliyenifundisha. Nikamjibu kuwa ni baba. Akanikaribisha kwake, akaniteremsha katika chumba kilicho chini ya nyumba, na humo mlikuwa na meza ya chuma yenye urefu wa futi 12, na juu ya meza cherehani kubwa yenye vishikio viwili mfano wa vya baiskeli.

Watu wa huku wana sanaa ya kudarizi mifarishi. Wanafunzi wangu hushangaa ninapowaambia kuwa maneno yote mawili, kudarizi na mfarishi, yamo katika kamusi zetu tangu zamani, ijapokuwa vijana wa Tanga wa leo hawayatumii sana. Mfarishi ni nguo ya kitanda yenye tabaka tatu: uso uliounganishwa kwa vipande vya nguo, pamba katikati, na bitana chini. Tabaka hizo sharti zishikwe pamoja kwa mishono inayopita juu hata chini kote kote, ama sivyo pamba hukusanyika pembeni baada ya kufuliwa mara mbili tatu. Mishono hiyo ndiyo pambo lenyewe. Kwa mkono huchukua miezi. Wanawake wa Gee's Bend, katika jimbo la Alabama, ambao mifarishi yao ilionyeshwa katika majumba ya sanaa ya Houston na New York mwaka 2002, waliwahi kuketi wengi kuuzunguka mfarishi mmoja. Kwa cherehani ya kawaida kazi huwa ngumu kwa namna nyingine, kwa sababu furushi zima la nguo na pamba sharti lipitishwe chini ya mkono mfupi wa cherehani, likizungushwa huku na huku.

Ndipo ikabuniwa cherehani ya mkono mrefu, kama niiitavyo kwa kukosa jina bora. Mfarishi hutandazwa juu ya kiunzi, ukavutwa ukawa kama ngozi ya ngoma, na hauondoki. Kinachokwenda ni kichwa cha cherehani. Yangu ina uzito wa kilo 20 hivi, na kutoka sindano hata shina la mkono wake ni inchi 18. Haina meno. Fundi huishika kwa vishikio akaisukuma juu ya nguo, kama mtu aandikavyo kwa kuipeleka kalamu juu ya karatasi. Na kwa hakika huko ndiko kuandika, kwani katika cherehani ya baba yangu kalamu ilisimama na karatasi ikaenda. Chombo kidogo huhesabu mwendo wa magurudumu na kuiamrisha sindano ipige kwa kadiri ya mwendo huo, mapigo 10 katika kila inchi, ukienda mbio au ukienda polepole.

Ziko reli za namna mbili. Juu ya meza zimelazwa reli mbili ndefu, na juu yake kigari chenye magurudumu manne huenda kulia na kushoto. Juu ya kigari hicho ziko reli mbili fupi, na juu yake kichwa chenye magurudumu manne huenda mbele na nyuma. Ukiisukuma mbele unasukuma kichwa tu. Ukiisukuma kando unasukuma kichwa pamoja na kigari. Naomba msomaji alikumbuke jambo hili, kwa maana taabu yangu yote ilitokea humo. Wajuzi wa asili za maneno hulihusisha neno cherehani na neno la Kiajemi lenye maana ya gurudumu. Nililifundisha darasani kwa miaka mingi bila ya kulitia maanani, hata siku niliyolala kifudifudi chini ya meza nikiyatazama magurudumu manane.

Bibi alipokuwa mzee akahamia kwa bintiye, aliniuzia cherehani yake kwa bei ya ujirani. Aliniambia kuwa ni nzito kidogo siku hizi, na kwamba siku moja nitataka kuibadili miguu yake. Nilidhani anatania.

Mwaka 2022 mama yangu alifariki. Sikuwahi maziko, aliyekaa mbali na kwao anajua namna inavyokuwa. Miezi michache baadaye dada yangu mkubwa alinipelekea kanga za marehemu, doti kumi na moja, akitaka nifanye mfarishi mmoja kwa kila mtoto wake. Sisi ni watano. Sharti lake lilikuwa moja tu: majina ya kanga yasikatwe. Nilikubali. Nikapanga kila jina likae zima katikati ya mfarishi, na miduara iliyodariziwa ilizunguke, mmoja nje ya mwingine, hata pindoni, kama maji yanavyofanya yakidondokewa na jiwe.

Miduara hiyo ndiyo iliyonifedhehesha. Katika mistari ya kwenda moja kwa moja cherehani haikunionyesha kasoro, na mawimbi makubwa ilinivumilia. Lakini duara haina mahali pa kujificha. Niliyoyafanya mimi yalikuwa mayai yenye pembe. Na katika kila pembe palikuwa na mapigo marefu mawili matatu, ambapo cherehani ilikwama, nikaisukuma kwa nguvu, ikaruka, na sindano isiwahi.

Mwuzaji wa cherehani wa mji ulio mwendo wa saa moja kutoka kwangu alinieleza kuwa ipo dawa: reli mpya za chuma kigumu na magurudumu mapya yanayozikamata reli hizo vema, ili cherehani iteleze. Bei yake dola 1,900. Wakati huo nilikuwa na dola 2,000 na ushei, nazo nilizikusanya kwa nauli ya kwenda Tanga mwezi wa Desemba mwaka 2023. Fedha haikutosha mambo yote mawili.

Kwa mtu mwingine yeyote shauri lilikuwa jepesi: nenda nyumbani, mifarishi ipokewe kama ilivyo, nani kwetu atakayeikagua miduara? Yupo mmoja. Baba yangu ana miaka 82 na macho yake yamepotezwa na presha ya macho. Tangu yaanze kufifia alijizoeza kusoma mshono kwa ncha ya kidole, na hata leo watu wa mtaani humpelekea nguo aipapase aseme kama aliyeishona ni fundi au ni mwanagenzi. Hakuwahi kuiona kazi yangu ya kudarizi. Mfarishi wa mama ungekuwa wa kwanza kufika mkononi mwake.

Nilimpigia simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Baridi yenu imeisha?"

Nikamweleza habari ya cherehani kuwa nzito. Alisikiliza, kisha akauliza, "Inakwama wapi?"

"Nikizungusha."

"Kuzungusha kote, au mahali?"

Nilinyamaza. Nimewauliza wanafunzi maswali ya namna hiyo kwa miaka kumi na mitano, nami sikuwa na jibu.

"Basi kaitazame kwanza," akasema, "ndipo unipigie. Tena uitie mafuta."

Nilitandaza kitambaa cha bei rahisi nikachora miduara arobaini, yote ya ukubwa mmoja, nikaitazama kama nitazamavyo insha za mtihani. Zilikuwa na kasoro mahali pane, juu, chini, kulia na kushoto, lakini za kulia na kushoto zilizidi: hapo duara lilinyooka kama mtu aliyeegemea ukuta, kisha likakunja ghafula. Nikaanza kuelewa. Mtu anapochora duara, mwendo wake wa kando hupungua hata ukasimama kabisa upande wa kulia, kisha huanza tena kinyume. Vivyo hivyo upande wa kushoto. Juu na chini ni mwendo wa mbele na nyuma ndio unaosimama na kugeuka. Kitu kizito kilichosimama, hata kwa nukta moja, kina ukaidi wa kuanza kuliko ukaidi wa kuendelea. Na kwa kuwa mwendo wa kando hubeba kigari pamoja na kichwa, ukaidi wake ni mkubwa zaidi. Basi ugonjwa ulikuwa hasa katika magurudumu manne ya chini, na reli ndefu.

Nilikiinua kigari kwa msaada wa kijana mmoja mwanafunzi. Katika mihimili ya magurudumu mlikuwa mmesokotwa nyuzi za rangi zote, nyingine za rangi nisizopata kuzitumia, maana yake ni za bibi. Nilizikata kwa wembe na kuzitoa kwa koleo la nyusi. Gurudumu moja lilikuwa na ubapa, kama tairi ya gari lililoegeshwa mwaka mzima. Nikaagiza jipya kwa dola chache. Reli nilizifuta kwa spiriti. Mafuta sikutia, nikamkhalifu baba, kwa maana mafuta juu ya reli hukamata vumbi na nyuzi, na baada ya juma moja hali huwa mbaya kuliko mwanzo. Mafuta ni ya kiota cha bobini tu. Nilipomweleza hayo baadaye alisema kuwa yeye alikusudia mafuta kidogo. Sijui ni kidogo gani.

Nilipokwisha kuisafisha nilikwenda juu kutia chai. Niliporudi cherehani haikuwako nilipoiacha. Ilikuwa imejiendea yenyewe hata mwisho wa meza, imesimama pale kimya. Nikairudisha, ikaenda tena. Sakafu za vyumba vya chini ya nyumba huku hujengwa kwa mteremko kidogo, ili maji yakiingia yaelekee katika tundu lake, na meza yangu ilikuwa imesimama juu ya mteremko huo tangu siku ya kwanza. Ila magurudumu yalikuwa mabovu kiasi cha kutoyaona mashuka na miinuko. Nilishinda siku nzima na pimamaji, nikiikaza na kuilegeza miguu ya meza, mpaka cherehani ikakubali kukaa popote niiachapo.

Miduara ya jioni ile ilikuwa na afueni kubwa. Kasoro za juu na chini zilikwisha. Za kulia na kushoto zilibaki, ndogo zaidi, lakini zilibaki, hasa katikati ya meza. Nilipitisha ukucha juu ya reli ndefu na kuigundua sababu: reli ilikuwa imelika. Bibi alifanya kazi miaka mingi, na kama watu wote alipenda kufanyia mbele ya kiti chake, katikati. Kigari kilipofika hapo kilijitia katika njia yake ya zamani kikakawia kutoka. Hapo hapana wembe wala spiriti.

Siku ya Jumamosi nilikwenda kwa mwuzaji nikaijaribu cherehani yenye reli mpya. Niliisukuma kwa kidole kimoja. Furaha ile siwezi kuikana. Lakini miduara yangu ya kwanza pale dukani ilikuwa mibaya kuliko ya nyumbani: mistari ilitetemeka, ikapita ilipopaswa kugeuka, ikafanya vijipindo visivyotakiwa. Yule mwuzaji, ambaye namshukuru kwa unyofu wake, alisema kuwa ni desturi. Mikono iliyozoea kushindana na uzito huendelea kushindana hata uzito ukiondolewa. Aliniambia nitahitaji majuma mawili matatu ya mazoezi. Akaongeza kuwa reli mpya huondoa msuguano, lakini kilo ni zile zile, na kitu chenye kilo nyingi kikishika mbio hupenda kuendelea mbio. Kukizuia ni kazi ya bega. Baada ya saa moja miduara ilianza kukaa.

Kando yetu ilikuwako cherehani nyingine iliyoongozwa na kompyuta, ikijiendesha peke yake, vishikio vyake havikushikwa na mtu. Miduara yake ilikuwa sahihi kiasi cha kuchosha macho. Sina ugomvi na mwenye kuitumia. Mwaka 1989 katika mashindano makubwa ya mifarishi ya mji wa Paducah, Kentucky, zawadi ya kwanza ilimwendea Caryl Bryer Fallert kwa mfarishi uliodariziwa kwa cherehani, haijapata kutokea hivyo kabla yake, na palikuwa na watu waliolalamika kwamba cherehani si mkono. Waliolalamika leo wangecheka kusikia mimi nikisema kuwa kompyuta si mkono. Walakini mfarishi wa mama sikutaka ushonwe na kitu ambacho hakikumjua, na cherehani yangu angalau ilikuwa inasukumwa na mtu aliyemjua. Najua kuwa hoja hii haisimami mbele ya mtu mwenye mantiki.

Nilirudi nyumbani nikaandika hesabu katika karatasi. Upande mmoja niliandika nauli, upande wa pili reli. Nikaona kuwa nikizinunua reli nitakuwa na miduara mizuri, lakini mifarishi itakwenda Tanga kwa posta, na baba ataipapasa mimi sipo. Nikaona tena kwamba nilikuwa nimezidi kuitafutia cherehani sababu tangu mwezi wa Mei, na kwamba kila juma lililopita katika kutafuta sababu, kanga za mama zilikaa katika sanduku. Nilikata tiketi usiku ule. Kasoro za katikati ya meza nilizipunguza kwa kwenda polepole nikifika kulia na kushoto, na kwa kukilegeza kiwiko, lakini hazikwisha zote.

Nilimaliza mifarishi mitano siku nne kabla ya safari.

Baba alikuwa ameketi barazani tulipofika kutoka stesheni ya basi. Hakuuliza habari za njiani. Dada alimwekea mfarishi mapajani, akamwambia ni kanga gani, akamsomea jina lake, na baba akaitikia kwa kichwa. Ilikuwa kanga aliyoinunua mwenyewe. Kisha akaanza kupapasa kutoka katikati, duara la kwanza, la pili, la tatu. Alipapasa kwa muda mrefu sana. Watoto wa dada walichoka wakaondoka. Alisifu pindo, akasifu mapigo kuwa yanalingana, akauliza pamba ni ya nini. Kisha kidole chake kikarudi nyuma, kikasimama.

"Hapa uligeuza," akasema. Akakivusha kidole upande wa pili. "Na hapa."

Nikamweleza habari ya reli iliyolika, na bibi aliyekuwa akikaa katikati, na magurudumu, na dukani. Aliuliza bei. Nikamwambia kwa shilingi, nayo ilikuwa karibu milioni tano. Akanyamaza. Cherehani yake ya Singer, ya kukanyagwa kwa miguu, aliyoinunua mwaka 1966 ikiwa imekwisha kutumika, ilikuwa ukumbini nyuma yake, imefunikwa kanga, na kibao cha mbao ambapo alikuwa akiweka kiganja cha kushoto kimelika kama kisahani.

"Nunua," akasema.

Reli zilifika mwezi wa Machi katika sanduku refu kuliko mlango wangu, nikazifunga kwa siku mbili pamoja na yule kijana, pimamaji mkononi. Miduara inakaa sasa, siku nyingine. Reli za bibi sikuzitupa. Nimeziegemeza ukutani nyuma ya mlango.